Hinoki Hukatwa na Mtani

Neema na Baraka,

Mtu wa miaka thelathini na mitatu hastaafu. Anaacha kazi, anafukuzwa au anahama. Lakini Mama Sauda aliwapikia pilau majirani wote wa kitalu, akasimama mbele yao na kutangaza kwamba Hidaya amestaafu, na mnajua kwamba jambo likishatangazwa kwa pilau halirudi nyuma. Basi mimi ni mstaafu. Aliyeamua ni daktari wa ngozi. Mafuta yaliyomo kwenye majani ya mti wa hinoki yamenishinda. Mikono inavimba na kupasuka kila nikiyagusa, na glavu zilisogeza tu siku mbele. Mmeniomba niwaachie maandishi ya kazi. Habari za mshahara sitaandika, maana mnazijua, ni zilezile zenu. Nitaandika juu ya mkato mkubwa, ule tunaoufanya baada ya masika, kwa sababu ndio ulionifanya nibaki Igoma muda ambao sikuupanga.

Siku ya kwanza sikuja kutafuta kazi. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya mimea na muda mwingi wa kutembea. Nikaona kibao kando ya barabara ya Musoma kinachosema kwamba ndani kuna miti mizee isiyofika magotini. Nikajua ni utapeli, nikaingia kuubishia. Mama Sauda alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya chungu kifupi kama sinia, na ndani ya chungu kulikuwa na hinoki, ndugu wa Kijapani wa ile miti tunayoiita ya Krismasi. Ilikuwa na shina nene lililopinda, matawi yamelala kama ya mti mkubwa wa mlimani. Nikasahau kidogo nilichokuja kusema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanunua au unashangaa?"

"Nabisha."

"Kubisha hapa hakuna kiingilio," akasema. "Shika hilo chekeche, pepeta changarawe huku unabisha."

Nikapepeta mpaka alasiri. Nilimuuliza kwa nini mti usipandwe ardhini kama miti mingine, nani alisema udogo ni uzuri, na kama mti unaumia. Alijibu mawili, la tatu akasema angekuwa mti angeniambia. Kesho yake nikarudi kwa sababu jibu la pili halikuniridhisha. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, hakuna siku aliyowahi kusema "umeajiriwa."

Wageni humuuliza kabila lake, na yeye hujibu, "Mwanza." Babu yake mmoja alikuwa Mmanga, bibi mmoja Mnyamwezi, mama yake Mhaya, na mumewe, Mungu amrehemu, alizaliwa kwenye meli iliyokuwa inatoka Bukoba. Mumewe ndiye aliyeanza. Alikuwa akitunza bustani ya mhandisi mmoja wa Kijapani aliyekuja kwa kazi ya maji, na mhandisi alipoondoka alimwachia miche michache na maelekezo ya mdomo. Maelekezo hayo ndiyo Mama Sauda aliyoyarithi, pamoja na miti.

Kuhusu vifaa mtajifunza wenyewe, ila haya yashikeni. Waya wa kupindia matawi tunaupata kwa mafundi wanaosuka upya mota zilizoungua. Ni shaba safi. Uchome kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, uuache upoe, utalainika kama uzi wa katani. Ukishaupinda mara moja unakuwa mgumu, usijaribu kuunyoosha ukiwa kwenye tawi. Koleo la kukatia lenye mdomo wa mviringo alilifua fundi wa hapo jirani kutoka kwenye springi ya lori, na linakata vizuri kuliko lile lililoagizwa kutoka nje, ambalo Mama Sauda huwaonyesha wateja tu. Nta ya kufunika jeraha iwe ya nyuki, na iwe vuguvugu. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi siku za utulivu, wakigandana kwenye utomvu wa mti uliokatwa hawatoki mpaka uwasugue mmoja mmoja kwa mswaki. Msikate siku hiyo. Kunyweni chai.

Ugomvi wetu wa kwanza wa maana ulikuwa juu ya mwezi. Maelekezo ya mhandisi yalisema mkato mkubwa ufanyike joto la mwaka linapoisha, kabla ya baridi kali, na mumewe akalishika hilo pamoja na miezi ya Kijapani. Kwa hiyo kitalu kizima kilikuwa kikikatwa Oktoba, mawingu ya mvua yakiwa juu ya ziwa. Nikamuuliza Mama Sauda ni baridi gani kali inayofuata Oktoba hapa Mwanza. Akasema, "Ya Japani." Nikamwambia mti hauko Japani. Akanipa miche ya kuharibu, ndivyo alivyosema, "Chukua hii ukaharibu," nikakata mingine Juni na mingine Oktoba. Ya Juni ikapona. Ya Oktoba mingi ikakauka matawi. Nilikuwa na hakika kwamba sababu ni joto, nikatangaza kwa sauti. Yeye akaichukua miche iliyokauka, akachuna gome kwenye majeraha na kunionyesha weusi wa kuvu uliokuwa umeingia na mvua. Mwezi nilikuwa nimeupatia, sababu nilikuwa nimeikosa. Tangu hapo tunakata masika yakiisha, wakati udongo bado una maji lakini mbingu imeshafunga, na asubuhi upepo wa ziwa unakufanya uvae sweta. Hatukuzungumzia tena nani alishinda. Yeye tu ndiye anayesema ni yeye.

Sasa sheria yenyewe ya hinoki. Mpera ukiukata mpaka ukabaki gogo, utachipua, pengine kwa hasira. Hinoki haichipui kwenye sehemu ya kahawia. Tawi lisilobakiwa na kijani limekufa, hata kama litachukua miezi kukuambia. Na tabia yake ni kwamba kijani cha nje kinakua kwa pupa, kinakinyima mwanga kijani cha ndani, na cha ndani kinakufa kimyakimya. Mti usiokatwa unaishia kuwa mwavuli: nje nguo, ndani vijiti. Kwa hiyo kila mwaka unafungua dari ili ndani kupate jua, na kila unapokata unahakikisha kwanza kwamba nyuma ya mkasi wako kuna kijani. Geuza jani uangalie chini yake. Ukiona mistari myeupe yenye umbo la tawi la panda, ni zima. Ukiona vumbi la kahawia, rudisha mkono.

Kulikuwa na sheria nyingine ambayo haikutoka Japani, na hiyo niliibishia kwa miaka. Mama Sauda hamruhusu mtu aliyeupenda mti kuufanyia mkato mkubwa. Alikuwa anasema anayeupenda hukata majani ya pembeni tu na kujiona amefanya kazi, na mti unaendelea kufa ndani. Mti uliopendwa sana hukatwa na mtani wa mwenye mti, kama msibani, ambako watani ndio wanaoshika majembe, wanaowatania wafiwa mpaka wale chakula, na kufanya yale ambayo wenye msiba hawawezi. Nilimwambia huo ni ushirikina uliovaa kilemba. Akasema sawa, na akaendelea kumwuliza kila mteja kabila lake.

Mwaka wangu wa nne alikuja Mzee Masanja, Msukuma aliyestaafu ufundi wa injini, na binti yake Kabula, wakiwa na kirikuu. Nyuma ya kirikuu, imefungwa kwa kamba ya katani na kuzungushiwa magodoro, ilikuwepo hinoki kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka kitaluni kwetu. Mama Sauda alipoiona alikaa chini. Alimuuzia mke wa mzee huyu, mwalimu wa shule ya msingi, ikiwa haijafika kiunoni, na wakawa marafiki kwa ajili yake. Mwalimu alikuwa amefariki. Tangu siku hiyo mzee alikuwa akiumwagilia mti na kumfukuza kila aliyeusogelea na mkasi.

"Mimi sina neno na mti," Kabula alisema. "Lakini baba anahamia kwangu Mirongo, ghorofa ya tatu. Kibaraza changu ni upana wa kitanda cha mtoto, nusu yake pipa la maji, na juu nondo. Mti huu hauingii. Nimemwambia auache hapa kwenu, utatunzwa."

"Na mimi nimesema," mzee akasema, "mke wangu simwachi kitaluni."

Kirikuu cha vyombo kingekuja mwisho wa mwezi. Ama mti upungue kwa karibu nusu na uishi, ama aende Mirongo bila huo. Mama Sauda alinivuta pembeni. "Mimi siwezi. Mwalimu nilimpenda. Na wewe ni Mzaramo, mtani wa Wasukuma."

"Mama, kabila langu halina uhusiano wowote na shina la mti."

"Halina. Lina uhusiano na mkono wa Masanja. Umeona alivyoushika?"

Alikuwa ameshika ncha ya mti, juu kabisa, kama anavyoshikwa mtoto wakati wa kuvuka barabara.

Nilifanya kwanza ninachokiamini. Nilichukua tochi, nikaingiza kichwa kati ya matawi, nikatafuta kijani cha ndani. Kilikuwepo kidogo mno. Kulikuwa na tawi moja zima chini ya ncha, jembamba, linaloelekea mashariki. Mengine ya pembeni yalikuwa kahawia karibu mpaka mwisho, na kijani chake chote kiko kwenye vidole vya mwisho vya matawi. Mama Sauda alitaka tukate yote kwa pamoja, juu na pembeni, tumalize. Nikamwambia tukikata pembeni leo tutakuwa tunaupeleka mzoga Mirongo. Nikapendekeza tukate ncha peke yake, tawi la mashariki lisimamishwe kwa waya liwe ncha mpya. Matawi ya pembeni yasikatwe, yavutwe chini kwa waya mnene. Tawi likilala, mti unapungua upana na ndani kunafunguka mwanga. Machipukizi ya ndani yakipata nguvu, mwaka unaofuata tukate pembeni. Akasema, "Hilo shule wamekufundisha?" Nikasema hapana, nimelifikiria sasa hivi nikiwa na wadudu puani. Akaenda kuchoma waya.

Matawi yalikubali. Tuliyazungushia vipande vya gunia lililoloana ili gome lisipasuke, tukayashusha taratibu, na Mzee Masanja alisaidia kushika. Kilichobaki ni ncha. Na ncha ndiyo aliyoitengeneza mwalimu kwa mikono yake. Alikuwa ameipinda kwa waya, na waya ukakaa muda mrefu mpaka ukaacha makovu ya kuzunguka shina, yanaonekana mpaka leo.

Nilipochukua msumeno mdogo, mzee akaweka mkono wake palepale pa kukata.

"Huyu binti ni nani?" akamuuliza Mama Sauda, kana kwamba sijashinda naye tangu asubuhi.

"Hidaya. Mzaramo."

Akanigeukia polepole. "Mzaramo! Mmeshauza viwanja vyote vya Dar es Salaam, sasa mmefuata miti yetu huku?"

Nilimwangalia Mama Sauda. Alikuwa anaikoroga nta, hataki kunisaidia. Nikaweka msumeno chini.

"Tumeuza, babu, na tuliowauzia ni Wasukuma. Walipoona ghorofa wakauliza ng'ombe watapandaje."

"Ng'ombe wetu wanajua ngazi. Ninyi mnajua ngoma tu. Mkono wa kupigia ngoma unajua nini habari ya kukata?"

"Unajua kuona. Na unaona kwamba aliyeupinda mti huu alisahau waya mpaka mti ukaota makunyanzi kama shingo yako. Mimi ningekuwa mkaguzi wa shule, huyo mwalimu ningempa sifuri."

Kabula alitoa sauti ndogo. Sikuwa nimewahi kumtukana marehemu mbele ya mjane wake, wa kike wala wa kiume. Mzee Masanja alinikazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia.

"Sifuri!" akasema. "Mama yangu wee. Miaka yote alinisahihisha mimi: namna ya kuvaa, kushika kijiko, mpaka namna ya kukohoa. Sifuri! Laiti angekusikia, wewe Mzaramo, angekupigisha magoti juani."

"Angenipigisha magoti, na waya bado angeusahau."

Akafuta macho kwa kofia yake. Akauondoa mkono. "Kata, mwizi wewe. Kata kabla sijabadili nia."

Nikakata. Ilichukua muda mfupi kuliko kuusimulia. Mama Sauda akapaka nta, mimi nikalisimamisha tawi la mashariki kwa waya, na mti ukawa mfupi, mnene na wa kushangaza, kama mtu aliyenyolewa baada ya msiba. Ile ncha nikaitia kwapani na kutangaza kwamba ni yangu, kwa sababu mtani akichukua kitu msibani hakirudishwi bila kukombolewa. Mzee aliikomboa kwa kilo ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na matusi mengi. Michembe tulikula na chai. Ncha ameiweka Mirongo, imekaushwa, juu ya televisheni.

Nimewahi kufikiria sana ni nini hasa kilitokea pale. Swali langu siku ile lilikuwa moja, kama kabila lina uhusiano na mti, na bado jibu langu ni kwamba halina. Lakini nilikuwa nimeuliza juu ya kitu kisicho tatizo. Shina lilihitaji mtu anayejua kijani kiko wapi. Mkono wa mzee ulihitaji mtu mwenye ruhusa ya kumchekesha, na ruhusa hiyo sikuipata chuoni. Nilipewa na mababu wa pwani na wa bara waliotukanana vizuri kabla sijazaliwa. Namshukuru Mama Sauda kwa kuniachia niibishie sheria yake miaka yote bila kunifukuza, na zaidi kwa kutonisaidia siku ile. Angetia neno moja tu, ingekuwa kazi yake.

Msisome hapa kwamba kila mteja lazima atukanwe. Neema, wewe unapenda kuzidisha. Na wapo wateja ambao watani wao hatuna, hao tunakaa nao tu, tunakunywa kikombe cha pili, tunasubiri. Sheria ni kwamba usikate mti wakati mwenye mti bado ameushika.

Mwaka uliofuata masika yakaisha, na ulikuwa wakati wa kukata pembeni. Mikono yangu ilikuwa imeshaharibika. Ninyi wawili mlikuwa ndio kwanza mnapepeta changarawe. Nilipanda ghorofa ya tatu peke yangu na koleo kwenye mfuko, nikiwa nimefungwa bandeji kama bondia. Tawi moja la kushoto lilikuwa limekufa, nalo nilikuwa nimetegemea liishi. Nilimwambia hivyo mzee bila kuzunguka. Akasema ameliona tangu Krismasi na ameshalisamehe. Tutalichuna gome, libaki mfupa mweupe. Lakini ndani, kwenye matawi mengine yote, kulikuwa na kijani. Majani madogo yaliyofunguka kama vipepeo, yamejaa mpaka karibu na shina. Niligeuza moja kwa ncha ya kalamu kwa sababu sikuweza kwa kidole, na mistari myeupe ilikuwepo.

Nikampa koleo.

"Mimi?" akasema. "Mama Sauda kasema anayeupenda hakati."

"Mimi sikati tena, babu. Daktari kakataa. Na Mama Sauda hakusema kwamba mtani lazima ashike koleo. Msibani wengine wanachimba na wengine wanatukana."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasogeza chungu kwenye mwanga. Akakata kijitawi kidogo kwa woga, kama anayekata kucha za mtoto.

"Hicho ulichokata hakina faida kwa mtu yeyote," nikasema. "Ng'ombe mwenyewe angekula kingi kuliko hapo. Rudi nyuma. Angalia kijani. Kipo?"

"Kipo."

"Mbele yake kata."

"Yote hii?"

"Yote. Ndiyo inayoziba, kama ulivyoziba mlango wa kibaraza, Kabula anashindwa kuanika nguo."

Kabula alicheka huko jikoni. Mzee akanitazama, akautazama mti, akakata. Tawi likaanguka kwenye magoti yake, likiwa na ile harufu kama ya ndimu ambayo mimi sasa naipata kwa mbali tu. Mahali lilipokuwa pakapita jua, likafika mpaka kwenye shina. Akainama kupaangalia. Kisha, bila kuambiwa, akahamia tawi la pili, akatafuta kijani kwa kidole gumba na kukata mbele yake, na la tatu, akinung'unika kwa Kisukuma maneno ambayo sikuyaelewa na sikuambiwa mimi.

Alipomaliza alifagia kibaraza mwenyewe. Mti ulikuwa umekaa kati ya pipa na ukuta, na kwa pembeni ikabaki nafasi ya kiti kimoja. Akaweka kiti chake, akakaa, akajaribu kama goti lake litagusa tawi. Halikugusa.

"Mwakani utakuja kunitukana tena, au ndiyo umestaafu?"

Nikamwambia nimestaafu kukata tu.